Nilivyoufuata mzizi yuj hadi kwenye nira

Mwenye Kiswahili ana pa kuanzia: -unga, ungana, unganisha, muungano, kiungo. Mzizi yuj wa Kisanskriti nao ni kuunga, hasa kufunga farasi au ng'ombe kwenye nira au gari. Ila Kisanskriti hakinyambui kwa mkia tu. Hurundika viambishi mbele na kugeuza irabu ya katikati.

Ili kurudisha neno kwenye mzizi nilianza kukata mbele: sam-, vi-, pra-, ni-, abhi-. Samyoga (muungano), viyoga (utengano), prayoga (matumizi), niyoga (amri), abhiyoga (mashtaka), yote yakabaki yoga. Halafu irabu: o huirudisha kuwa u, na au ya yaugika vilevile. Kazi ngumu ni konsonanti. Yojana ina j, yoga ina g, yukta (iliyoungwa) ina k, na mzizi ni huohuo. Ya yukta inaeleweka: t si ghuna (hutamkwa bila nyuzi za sauti kutetema), ikaivuta j mpaka k. Ya yoga haielezeki kwa jirani, kwa kuwa kiambishi ni -a tu, na kuna -a nyingine zisizogeuza kitu. Ni kanuni ya Panini, mwanasarufi wa kale wa Kisanskriti, namba 7.3.52, nayo nimeikariri tu.

Mtego niliouingia ni yuddha, vita. Kwa macho ni ndugu wa yukta, lakini ddha ni alama ya dh + ta: mzizi wake ni yudh, kupigana. Ndiyo maana sasa sikubali mzizi mpaka nieleze kila konsonanti. Tena katika kamusi ya Kisanskriti ya Monier-Williams ya 1899, samyoga usiitafute chini ya y. Iko chini ya kiambishi chake.

Dhatupatha, orodha ya kale ya mizizi iliyopangwa kwa makundi ya unyambuaji, ina yuj zaidi ya moja: ya kundi la 7 ni kuunga, ya kundi la 4 ni samadhi, yaani utulivu wa akili. Vyasa, mfafanuzi wa kale wa Yogasutra, kitabu cha msingi cha yoga, anasema yoga ni samadhi. Kwa hiyo wanaotafsiri yoga kuwa “muungano” bila kueleza wameshika ya 7 wameiacha ya 4, naona wanaharakisha.

Kundi la 7 hupenyeza n ndani ya mzizi: yunakti, anaunga, yunjanti, wanaunga. Kilatini kina n hiyohiyo katika iungit, na bila n kina iugum, nira, sawa na yuga ya Kisanskriti na zygon ya Kigiriki. Nira yetu ilitoka Kiarabu. Haimo katika ukoo huu.