Siku moja maishani mwangu: kuhesabu ndege chini ya miembe ya Tabora

Adhana ya alfajiri hunikuta nimekwisha kuvaa. Saa kumi na moja na robo nakagua mfuko wangu: darubini, daftari, penseli mbili, kitabu cha ndege kilichochakaa kingo, chupa ya maji, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, niliyofungiwa na mama kwenye karatasi. Natumia penseli kwa sababu wino hutawanyika jasho likidondokea ukurasa, na Oktoba hapa Tabora jasho halikosi kudondoka.

Mimi ni mwongozaji wa watazamaji wa ndege. Siku ambazo hakuna mgeni nazunguka peke yangu na kuhesabu ndege katika maeneo yaleyale ya mji wetu, na huu ni mwaka wa sita. Mtaani wapo wanaomwambia mama yangu kwamba kijana wake anashinda akitazama juu ya miti kwa kukosa kazi, na maneno hayo humuumiza yeye kuliko yanavyoniumiza mimi. Ndiyo maana naiandika siku hii moja, Jumamosi ya pili ya Oktoba, ili anayetaka kuijua kazi hii aione jinsi ilivyo, pamoja na saa zake zilizonichosha.

Jumamosi hiyo niliichagua kwa makusudi. Siku ya Ndege Wahamao Duniani huadhimishwa mara mbili kwa mwaka, Mei na Oktoba, kwa kuwa safari za ndege hao ni mbili, ya kuja na ya kurudi. Oktoba ndiyo Ulaya majani yanapopukutika, wadudu wanapungua kwa baridi, na ndege wanaoishi kwa kula wadudu hawana budi kushuka kusini. Wakitufikia sisi wanatukuta katika kilele cha joto na vumbi, mvua zikitarajiwa Novemba, huku miyombo ya nje ya mji ikichipua majani mekundu kabla tone la kwanza halijaanguka.

Saa kumi na mbili na nusu, jua likichomoza, nilikuwa chini ya miembe mikubwa ya kandokando ya barabara. Njiwa, kunguru, shorwe, mnana na chozi niliwaandika katika nusu saa, kwa kuwa hao ni wenyeji na najua kila mmoja anaanzia tawi gani. Kilichonisimamisha ni kijidege kimoja chenye rangi ya kijani iliyofifia, tumbo la manjano hafifu na mstari mwembamba juu ya jicho, kilichokuwa kikiokota wadudu upande wa chini wa majani, jani baada ya jani, bila kupumzika. Uzito wake ni gramu 9 hivi. Jamii yake huzaliana kuanzia Ulaya hadi mashariki ya Siberia, na wale wa Siberia husafiri zaidi ya kilomita 10,000 kufika Afrika Mashariki. Kilikuwa umbali wa mikono miwili kutoka usoni kwangu, na niliona manyoya ya bawa la kushoto yamechakaa nchani. Kila mwaka namwona wa kwanza katika miembe hii, na kila mwaka nashindwa kuondoka mara moja.

Saa moja na nusu nilimchukua mgeni wangu katika nyumba ya wageni alikolala. Alikuwa amefika jana yake kutoka Dar es Salaam, mtu wa makamo, mwenye kamera ya lenzi ndefu kama mkono. Tulipanda bajaji hadi Bwawa la Kazima, na saa mbili zilizofuata zilikwenda vizuri. Vitwitwi walikuwa wakikimbia ukingoni huku wakitikisa mikia, yangeyange wamesimama majini, na mbayuwayu wa Ulaya wanapita chini kwa chini juu ya maji wakinywa bila kutua. Kisha tukawasikia keremkerem kabla ya kuwaona, ile sauti yao laini ya kuviringika inayotoka juu kabisa angani, na kundi zima likashuka kwenye mti mkavu.

Keremkerem nawapenda na nawatetea, na kuwatetea Tabora, katika nchi ya asali, si jambo jepesi. Wafugaji wa nyuki huniuliza kwa nini nawasifu wezi wa nyuki wao. Huwa najibu kwa ukweli: ni kweli anakula nyuki, humkamata angani, humpiga na kumsugua kwenye tawi mpaka mwiba na sumu vitoke, ndipo anammeza. Lakini hula pia nyigu na wadudu wengine warukao, na kundi la Oktoba aghalabu ni la wapita njia. Asubuhi ile mmoja alimsugua nyuki mbele yetu kwa muda mrefu, na mgeni wangu akampiga picha nzuri. Laiti tungerudi mjini wakati ule.

Ilipata saa nne. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, ndege wamenyamaza, na mgeni akasema kwamba jambo lililomleta hasa bado hajalipata. Alimtaka bundi mdogo mwenye madoa, yule asiyezidi kiganja na vidole vyake kwa urefu, ambaye huonekana hata mchana. Hapa nakiri kosa langu. Nilimwambia kwamba namfahamu mmoja, anakaa katika tundu la mwembe mzee nyuma ya nyumba za mtaa mmoja karibu na reli, na kwamba huu ni msimu wake wa kutaga. Nilimwambia pia kwamba tutasimama mbali, tutangoja, na akitoka atatoka mwenyewe. Alikubali.

Tulingoja dakika ishirini. Kisha akatoa mfukoni spika ndogo yenye ukubwa wa bilauri, ya kuchezea sauti ya bundi iliyorekodiwa.

"Kaka, usiicheze sauti hapa," nikamwambia. "Ana mayai au makinda. Akisikia mwenzake atadhani amevamiwa, ataacha kiota."

"Mara moja tu. Nimelipa nauli ya ndege kwa ajili ya huyu."

"Na watu wa hapa wanamwogopa bundi. Wakimsikia mchana watamtafuta."

Hakunijibu. Aliiweka spika juu ya mzizi na kuifungua, na miluzi ile ikapanda, mmoja juu ya mwingine, mpaka ikajaa ua mzima. Haikupita dakika moja shorwe na chozi wakaja kutoka kila upande wakipiga kelele, kwa kuwa ndege wadogo wakimsikia adui huyu humzonga ili kumfukuza. Bundi alitoa uso tunduni, akatazama, akarukia tawi lililo wazi. Alipogeuza kichwa niliona kisogoni yale madoa mawili meusi yenye kingo nyeupe, macho ya uongo yanayomfanya adui wa nyuma adhani anatazamwa. Kamera ikawa inalia mfululizo. Sauti ilipokwisha, mgeni akaianzisha upya.

Watoto ndio waliofika kwanza, na mmoja wao alikuwa na manati shingoni. Wakafuata vijana wawili, na nyuma yao bibi mwenye nyumba, ameshika kanga kifuani, anauliza kwa sauti inayotetemeka: "Bundi analia mchana kweupe! Nani tena anaondoka hapa kwangu?" Kijana mmoja aliinama kuokota jiwe. Nikasimama mbele ya shina na kumwomba aliweke chini, nikamgeukia mgeni na kumwomba azime, akasema dakika moja. Niliinama, nikaichukua spika, nikaizima mwenyewe. Aliniambia maneno ambayo sitayaandika, akaenda kusimama barabarani kusubiri bajaji.

Mimi sikuweza kuondoka. Kuondoka wakati ule kungekuwa kumwacha ndege yule mikononi mwa hofu niliyoileta mimi. Nilimwamkia bibi upya, kwa heshima zote, kwa Kinyamwezi changu kidogo, nikaomba radhi kwa kuingia uani kwake bila hodi. Alinikaribisha kwenye kigoda lakini uso wake haukulegea. Mumewe alikuwa amezikwa mwezi uliopita.

Nilikaa pale zaidi ya saa nzima. Nilimweleza kwamba sauti ya kwanza ilitoka ndani ya chombo, nikamwonyesha chombo chenyewe kilichokuwa bado mkononi mwangu. Nilimweleza kwamba ndege yule alitoka kama mtu yeyote anavyotoka mlango wake unapogongwa kwa kishindo, na kwamba chakula chake ni panzi, mijusi na panya wadogo. Alisikiliza, akanyamaza, akauliza lile lile kwa namna nyingine: kwa nini achague mwembe wake, kwa nini mwaka huu. Sikuwa na jibu la kumfariji, nikasema tundu lile lilichimbwa na ndege mwingine, naye amelikuta wazi. Vijana walisogea, wakasikiliza, wakauliza pia. Mwishowe nikamkabidhi bibi darubini na kumwelekeza. Bundi alikuwa amerudi mdomoni mwa tundu, ametupa kisogo. Bibi alitazama kwa muda mrefu mpaka mikono ikaanza kuchoka, nikamshikia viwiko.

"Ana macho mbele na nyuma," akasema. "Huyu hana siku ya kulala."

Hakusema kwamba amemkubali. Alimwita yule mtoto mwenye manati, akayachukua, akayaning'iniza kwenye msumari ndani ya mlango.

Sikumbuki saa ngapi nilifika kwenye nyumba ya wageni kurudisha spika. Mgeni alinilipa nusu ya tulivyopatana na kusema nimemharibia siku. Niliipokea, kwa kuwa ni fedha ya mchele wa wiki, na nikarudi kwa miguu kuokoa nauli, kichwa kikigonga kwa jua. Matobolwa niliyala nikiwa natembea. Nina hakika na nilichokifanya, ila nalijutia neno nililolitamka asubuhi kuhusu tundu lile, na tangu siku hiyo mgeni yeyote simtajii kiota.

Mchana nililala kidogo kwenye mkeka. Jua lilipopungua nilirudi kwenye barabara ya miembe kukamilisha hesabu, kwa sababu hesabu ya asubuhi isiyo na ya jioni haina maana kwangu. Mimi hulinganisha siku na siku, mwaka na mwaka, na pengo moja huharibu mstari mzima. Mbayuwayu walikuwa wamejipanga kwenye nyaya za umeme. Nilihesabu 61, nikarudia kuanzia upande wa pili, nikapata 61. Miguu iliniuma na macho yalikuwa yakitoa machozi kwa vumbi, lakini tarakimu zilipolingana nilijisikia mzima tena.

Kabla ya giza nilipita nyuma ya nyumba za karibu na reli na kusimama ng'ambo, mbali, bila kuinua darubini. Tundu lilikuwa jeusi na kimya. Nilingoja mpaka sikuweza kutofautisha tawi na mbingu, nikaenda nyumbani bila kumwona.

Nilikuwa nanakili hesabu kwa mwanga wa taa, karibu saa tatu usiku, mlango ukabishwa hodi. Alikuwa yule mtoto wa manati, amesindikizwa na kaka yake mkubwa. Bibi amewatuma waniambie kwamba bundi amelia, baada ya isha, mara tatu, kutoka mle mle mwembeni.

Niliwashukuru, nikawapa matobolwa yaliyobaki. Katika safu ya hesabu ya jioni sikuweka kitu, kwa kuwa si mimi niliyesikia. Pembeni, kwenye safu ya maelezo, nikaandika: amesikika baada ya isha, mara tatu, na mwenyeji.