Kumbe kisirani changu kilikuwa njaa ya mwanga

Fremu yangu iko Kariakoo, chini kabisa ya jengo, ule upande ambao hata saa sita mchana bila taa humuoni mteja usoni. Miaka miwili nauza viatu mle, naingia saa moja na nusu nikitoka ni saa mbili usiku, chakula naletewa humohumo, na asubuhi kwenye daladala nimesinzia kapelo imefunika macho. Jua lote hili la Dar mimi nilikuwa silipati yani.

Kilichonishtua ni hasira. Zamani mteja akishusha bei nacheka naye, ikafika mahali akiuliza mara mbili tu nishamjibu vibaya, halafu narudi nyumbani usingizi hauji naperuzi simu mpaka saa saba. Mama akawa ananiambia mwanangu umeingiwa na kisirani, hebu sali. Nikasali, na sijaacha.

Sasa siku moja nikapakua programu ya kupima mwanga. Ndani ya fremu ikasoma lux 180, lux ndo kipimo cha mwanga. Nikapanda ngazi nayo mkononi mpaka kwa mama ntilie, kivulini, chini ya mwamvuli wake, ikapita 10,000! Na siku zote macho yangu yananiambia mle ndani kunawaka vizuri tu, kwa vile macho yanazoea.

Kusoma ndo nikakuta ndani ya jicho, kwa nyuma, kuna seli ambazo kazi yake kubwa sio kukuonyesha vitu, zinaupa ubongo taarifa kwamba kumekucha, na ubongo kwa hiyo taarifa ndo unapanga saa ya kuchangamka na saa ya kulala. Mchana giza, usiku simu usoni, utashikaje saa? 2023 ulitoka utafiti wa watu zaidi ya 86,000 Uingereza, walivalishwa kifaa mkononi cha kupima mwanga, na waliopata mwingi mchana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ilikuwa kidogo kwao, waliopata mwingi usiku ikawa zaidi. Najua mwenye sonona naye hujifungia ndani, kwa hiyo kipi kimeanza ni ngumu kusema, na ikikuzidi jamani nenda hospitali, usikae nayo.

Mimi sasa chai nainywa juu kwa mama ntilie, nusu saa nzima kapelo mfukoni, na saa nne usiku simu naiweka mbali na kitanda. Juzi dada mmoja kajaribu pea kumi na mbili akaondoka bila kununua, nikamwambia karibu tena, nikawa narudisha viatu kwenye maboksi, niko boksi la tisa ndo nagundua sijakasirika.