DNA ya bakteria, leo nimeiona kwa macho

Jamani leo maabara tumetoa DNA ya bakteria aitwaye E. coli na furaha haijaniisha mpaka sasa. Ukishapasua seli kwa SDS (aina ya sabuni) na protinezi K (kimeng'enya kinachomeng'enya protini) mchanganyiko unakuwa mzito, unavutika kama mlenda, hapo usitikise kwa nguvu maana DNA ya jinomu, yaani DNA yote ya bakteria, ni ndefu inakatika, we geuza tyubu polepole tu. Ukimimina isopropano (aina ya alkoholi) ya baridi nyuzi nyeupe za DNA zinajikusanya zenyewe, unazizungusha kwa kijiti cha kioo zinatoka! Hebu fikiria, kijidudu cha maikromita 2 hivi kimebeba DNA ya jozi besi (vipande vinavyoijenga) kama milioni 4.6, ukiinyoosha inafika milimita 1.6. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa 280 umesoma 1.8, dalili kwamba DNA ni safi, haina protini nyingi, kesho inaingia PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi).