Siku nilipoomba nitazamwe nikifundisha

Nilipopewa ukuu wa shule, mwaka mzima wa kwanza niliongoza kwa maagizo. Lete andalio la somo, nalikagua, nagonga muhuri, basi. Watoto wa darasa la tatu walikuwa bado wanakwama kusoma, na mimi lawama zote nikawatupia walimu.

Kilichonibadilisha ni MEWAKA, yale mafunzo endelevu ambayo walimu tunajifunza pamoja hapo hapo kazini. Tukakubaliana kuingia kwenye vipindi vya wenzetu, tukae nyuma, tuwatazame watoto zaidi kuliko mwalimu. Nikaomba waanze na mimi. Kusema kweli, mkono wenye chaki ulinitetemeka.

Baada ya kipindi, mwalimu mmoja kijana akaniambia: "Mkuu, yule binti wa dirishani, kila ukiandika 'karamu' yeye anasoma 'kalamu'." Kwao wanaongea Kisukuma, lugha isiyotenganisha r na l, na siku zote hizo nilikuwa nampita tu! Tukakaa walimu wanne chini ya mwembe, tukakata maboksi ya sabuni, tukatengeneza kadi za maneno: kura na kula, mahari na mahali. Mama mmoja wa kamati ya shule akajitolea kuja kila Jumatano kuwasikiliza watoto wakisoma.

Jana binti yule amesoma ukurasa mzima mbele ya wenzake, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye "karamu" akatulia kidogo, akaitamka sawasawa, akaendelea. Sote wanne tulikuwa tumesimama mlangoni.