Nilivyomalizana na watu wa rejesho hapa Masasi

Mwaka juzi mwezi wa 4 nilichukua mkopo wa laki 6 kwenye kampuni moja hapa Masasi, ile mikopo watu wanaita kausha damu. Hela ilikuwa ya palizi ya mikorosho yetu kule Lukuledi, inayobaki niongezee mzigo gengeni. Wakakata elfu 30 ya fomu na bima, rejesho 65,000 kila wiki kwa wiki 12, na kadi ya pikipiki ya mume wangu wakabaki nayo.

Wiki 6 nililipa bila kukosa. Ya 7 mume wangu akaanguka na bodaboda akavunjika mguu, basi kila kinachopatikana gengeni kikawa kinaenda hospitali.

Wale vijana wa rejesho mwanzo walikuja kistaarabu, alafu wakaanza kumpigia shemeji yangu Nachingwea, wakampigia mdhamini wangu, mwisho wakawa wanakuja saa 11 alfajiri wanagonga mlango wanapaza sauti mtaa mzima usikie kwamba mama fulani hapa anakula hela za watu, na leo wanaondoka na kochi na friji. Mimi nikawa nampa jirani kufuli afunge mlango kwa nje, nakaa ndani na wanangu kimya tusikohoe. Kosa kubwa nililofanya ni hilo la kujificha, mana miezi 2 ikapita na deni linapanda tu. Siku moja mwanangu wa mwisho, ana miaka 5, akaniuliza mama sisi ni wezi? Niliumia sana.

Kesho yake nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaniambia, "Mwanangu, wa kubeba mali za watu ni dalali wa mahakama na anakuja na amri ya mahakama, wakija hawana karatasi hiyo niite." Nikapata nguvu, nikabeba daftari langu la marejesho nikaenda ofisini kwao mwenyewe.

Wakasema nadaiwa 690,000, yaani 390,000 iliyobaki na faini elfu 5 kila siku kwa siku 60. Nikasema naomba nakala ya mkataba mana sikuwahi kupewa. Walizungusha weee, nikawauliza na namba ya leseni yao, kwa sababu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu (BoT) wana tawi Mtwara naweza kwenda kulalamika. Mkataba ukatoka. Imeandikwa faini elfu 5 kwa kila rejesho lililochelewa, siyo kila siku! Marejesho 6 ni elfu 30, jumla 420,000. Meneja alisoma mara mbili akasema sawa mama.

Tukaandikiana upya mbele ya mwenyekiti: elfu 50 mwezi wa 8, wa 9 na wa 10, inayobaki nikipata malipo ya korosho, na kudai ni mchana tu, kwangu mimi, siyo kwa ndugu. Kila hela nilipeleka ofisini nikachukua risiti, yule kijana akinifuata gengeni eti nimpe yeye apeleke nilikataa.

Mwezi wa 11 malipo ya korosho kutoka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yakaingia benki, nikalipa 270,000 yote siku hiyohiyo. Kadi ya pikipiki wakasema nirudi kesho, nikakaa pale kwenye benchi mpaka wakaitoa pamoja na barua ya kumaliza deni yenye muhuri.