Mekapu ya kwanza ya mtoto: tazama kwanza inavyotoka

Mtoto wa miaka 10 hadi 12 akianza kuomba mekapu, wazazi wengi hukimbilia kuzozana naye kuhusu rangi: hii imekolea mno, hii ya watu wazima, hii utapaka ukikua. Rangi ni jambo dogo, ikikosewa inafutwa. Cha kuuliza mwanzo ni inatokaje usoni. Kipodozi kisichotoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya uso ndani ya dakika moja, bila kusugua, hakimfai mtoto, hata kiwe kinampendeza vipi. Madhara mengi hayaji wakati wa kupaka. Yanakuja kwa kulala na mekapu usiku kucha, kisha kuikwangua asubuhi kwa pamba kavu.

Ukishika kipimo hicho, sehemu kubwa ya vilivyopangwa dukani inajiondoa yenyewe. Maskara isiyoingia maji haimo, kwa sababu kuitoa kunataka mafuta na kuvutavuta, na kope hung'oka. Rangi ya mdomo ya majimaji inayokauka na kukaa siku nzima haimo pia: inakausha midomo, mtoto anailamba, midomo inapasuka, naye anapaka tena juu ya nyufa. Faundesheni nzito haimo. Kope za bandia ndiyo hazimo kabisa, kwani gundi zake nyingi zina mpira asilia au kemikali za jamii ya sianoakrileti, na vyote viwili vinaweza kuamsha mzio kwenye ngozi ya kope, ambayo ni nyembamba kuliko ya sehemu nyingine ya uso.

Kuosha kunatangulia

Umri huu ndio ngozi inabadilika. Kuanzia miaka 8 hadi 12 hivi, homoni za tezi zilizo juu ya figo huziamsha tezi za mafuta, na vipele vya kwanza hujitokeza kwenye paji la uso, pua na kidevu, mara nyingi kabla mzazi hajaona dalili nyingine yoyote ya balehe. Mara nyingi hicho ndicho mtoto anachotaka kukificha. Kwa hiyo muulize kwa upole anataka mekapu ya nini. Anayetaka kung'arisha midomo siku ya sherehe na anayetaka kuficha chunusi kwa sababu anachekwa wanahitaji vitu tofauti, na huyu wa pili anahitaji matunzo ya ngozi kabla ya rangi yoyote.

Ushauri wangu ni huu: aoshe uso kila usiku kwa wiki mbili mfululizo ndipo kinunuliwe chochote cha rangi. Wala si adhabu. Ni njia ya kuona kama tabia ya kuosha imeshika, kwa sababu bila hiyo hata kipodozi bora kitaziba vinyweleo. Utaratibu wenyewe ni mfupi. Anawe mikono kwanza. Alowanishe uso kwa maji ya uvuguvugu, achukue sabuni ya uso ya maji isiyo na manukato, kiasi cha punje moja ya maharagwe, aipake kwa ncha za vidole kwa mizunguko midogo sekunde 30 hadi 60, bila kusahau pembeni mwa pua na mstari wa nywele. Asuuze mpaka ngozi isiteleze, kisha akaushe kwa kubonyeza taulo safi. Mwisho losheni nyepesi. Sabuni ya kipande ya kawaida haifai hapa: huwa na pH (kipimo cha asidi na magadi) ya 9 au 10 ilhali ngozi iko karibu na 5, ndiyo maana uso unabaki umevutwa na kupauka, na mtoto mwenye ukurutu ataanza kujikuna siku hiyohiyo.

Vimiminika vya kutolea mekapu vinavyosemekana havihitaji kusuuzwa, visuuzwe hata hivyo. Vina visafishaji vinavyobaki juu ya ngozi na kuikera.

Vya kuanzia navyo

Vinne vinatosha, na hata viwili si vibaya.

Cha kwanza ni losheni ya kukinga jua yenye rangi kidogo, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi. Hii ni mekapu na kinga kwa pamoja: inasawazisha rangi ya uso bila kuufunika. Chagua yenye oksidi ya zinki au dioksidi ya titani, kwa kuwa huwasha mara chache, na hakikisha ina oksidi za chuma, zinazoonekana kwenye lebo kama CI 77491, 77492 na 77499. Hizo ndizo zinazotoa rangi, na zinazuia ule weupe kama chokaa unaobaki kwenye ngozi nyeusi. Pia hupunguza mwanga unaoonekana, ambao huzidisha madoa meusi yanayoachwa na chunusi.

Cha pili ni mafuta ya mdomo yenye rangi hafifu. Yasiwe na menthol, kafuri, pilipili wala mdalasini. Ule msisimko wa ubaridi au moto ambao watoto wanaupenda ni ngozi inayowashwa, na vile vya kuvimbisha midomo vinafanya kazi yake hivyohivyo. Harufu ya pipi nayo ina kasoro yake: inamfanya alambe.

Cha tatu ni jeli ya nyusi isiyo na rangi. Inachana nyusi, na tone dogo kwenye ncha za kope linazifanya zionekane bila weusi wa maskara. Ikifika siku ya maskara, iwe ya kahawia, ile inayotoka kwa maji ya uvuguvugu, na apake kope za juu tu, kuanzia katikati kwenda nchani.

Cha nne, blasha ya krimu. Ni rahisi kuliko ya poda kwa sababu inapakwa kwa kidole na ikizidi inafifishwa kwa kidole kingine kilicho safi. Kosa la kawaida ni kuipaka katikati ya shavu karibu na pua. Ianzie pale shavu linapoinuka anapotabasamu, na ipelekwe nje kuelekea sikio. Kwa ngozi nyeusi, rangi iliyokolea ya zabibu au ya matofali ndiyo inayoonekana ya asili. Ile pinki iliyochanganywa na weupe huacha ukungu wa kijivu.

Konsila, ile krimu ya kufichia vipele na madoa, naijadili peke yake kwa sababu ndiyo inayoombwa sana na ndiyo inayokosewa sana. Mtoto huipaka uso mzima. Mwonyeshe kwamba inakaa juu ya kipele tu. Achote kiasi cha kichwa cha pini kwa brashi ndogo au kijiti safi, akiweke juu ya kipele, asubiri kama dakika moja ishike, kisha abonyeze kingo pekee kwa ncha ya kidole hadi mpaka wa rangi upotee. Katikati asipaguse. Anayesugua katikati anaitoa palepale alipotaka kuficha, halafu anaongeza nyingine, na mwishowe kipele kinaonekana kikubwa kuliko kilivyokuwa. Kipele kilichopasuka kisipakwe kitu mpaka kifunge. Rangi yake ijaribiwe kwenye taya, mchana, kwenye mwanga wa nje, na msubiri dakika 10 kabla ya kuamua, kwani nyingi hubadilika kidogo zikichanganyika na mafuta ya ngozi. Kupima kwenye kiganja au mkononi kunadanganya: sehemu hizo hazilingani na uso.

Kusoma lebo

Lebo nzuri ina orodha kamili ya viambato, namba ya toleo, jina na anwani ya mtengenezaji, na ama tarehe ya mwisho ama mchoro wa kikopo kilichofunguliwa kifuniko wenye namba na herufi M. 6M maana yake miezi 6 tangu kufunguliwa. Bandika kijikaratasi chenye tarehe ya kufungua, hakuna anayekumbuka.

Kwenye viambato, cha kwanza kukikwepa ni manukato, yanayoandikwa parfum au fragrance, kwa kuwa ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa vipodozi. Na mzio wa namna hii ukishajengeka kwa kawaida hauondoki: mtoto anayeupata akiwa na miaka 11 ataendelea kuepuka viambato hivyo utu uzima wake wote. Kisha kwepa methylisothiazolinone, kihifadhi ambacho Umoja wa Ulaya uliacha kukiruhusu mwaka 2017 kwenye vipodozi vinavyobaki juu ya ngozi. DMDM hydantoin na quaternium-15 hutoa formaldehidi, kemikali inayoweza kuleta mzio, kidogokidogo; zirudishwe zilipotoka. Maneno kama "asilia" au "haileti mzio" yasikutulize. Nchini Marekani neno hilo la pili halina tafsiri ya kisheria, kila kampuni inalitumia inavyoona, na mafuta ya mimea yenye harufu kali ni ya asili vilevile na yanawasha.

Zile seti za rangi nyingi kwenye kisanduku cha plastiki, zenye alama ya umri wa miaka 3 na kuendelea, zinahitaji tahadhari kubwa kuliko mekapu ya kawaida. Alama ile inahusu hatari ya kukabwa na vipande vidogo. Haisemi lolote kuhusu rangi iliyomo. Poda zake ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Nyingi hutengenezwa kwa talki, madini laini yanayochimbwa katika miamba ambayo mara nyingine ina asbesto, nyuzi za madini zinazoleta saratani, na mwaka 2019 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaonya wanunuzi kuhusu vipodozi kadhaa ambavyo vipimo vilikuta na asbesto, vikiwemo vilivyouzwa kwenye maduka ya wasichana wadogo. Poda inayorushwa pia inavutwa puani, jambo baya zaidi kwa mwenye pumu. Chagua krimu.

Kuhusu wanja ni lazima kusema wazi. Wanja wa kienyeji usio na lebo, kohl na surma, unaweza kuwa umetengenezwa kwa galena, yaani madini ya risasi. Watoto hunyonya risasi kwa wepesi kuliko watu wazima, inaathiri ubongo, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anapikicha jicho, analamba kidole, inaingia. Hata wanja wa kiwandani wenye lebo usipakwe ukingo wa ndani wa kope, kwa sababu pale ndipo vinapofungukia vijitundu vya tezi za mafuta ya machozi, na vikizibwa jicho linakauka na kuvimba.

Hina nyeusi nayo iachwe. Hina halisi hutoa rangi ya kahawia yenye wekundu. Inayotoka nyeusi tii kwa muda mfupi kwa kawaida imetiwa PPD, kemikali ya rangi za nywele inayoweza kuunguza ngozi na kuacha mzio wa kudumu.

Watoto wa umri huu sasa wanaomba pia seramu walizoziona kwenye video. Retinoli, aina ya vitamini A, na asidi za kuchubua hazina kazi kwenye ngozi ya mtoto: zinaikausha, na zile asidi zinazoitwa AHA huifanya iungue kwa jua upesi. Hizi zitumike tu daktari akiagiza kwa chunusi. Krimu za kung'arisha ngozi hazina nafasi kabisa. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kusafirisha zenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni, lakini bado zinauzwa. Maneno mercurous chloride, calomel au mercurio kwenye lebo yanatosha kuzirudisha.

Kujaribu, kushiriki, kutupa

Kila kipya kijaribiwe kabla ya kufika usoni. Paka kiasi cha sarafu kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Kujaribu mara moja hakutoshi, maana mzio wa kugusana huweza kuchelewa siku kadhaa. Na kianzishwe kimoja kwa wakati. Vikianza vitatu siku moja na uso ukavimba, hutajua cha kulaumu.

Kitu ambacho watoto wanakipuuza ni kutoazimana. Maskara hupitisha maambukizi ya macho, na rangi ya mdomo hupitisha virusi vya vidonda vya homa hata kama mwenzake hana kidonda kinachoonekana. Vya kujaribia dukani visiguse mdomo wala jicho. Mweleze hivyo kabla hajaalikwa kulala kwa rafiki, na umpe chake cha kubeba ili asilazimike kukataa mikono mitupu. Maskara itupwe baada ya miezi 3 hata kama imebaki nusu, na isiongezwe maji wala mate ikikauka. Sponji na brashi zioshwe kila wiki kwa sabuni laini na zikaushwe zikiwa zimelala; zikisimamishwa mbichi, maji yanashuka kwenye shina, gundi inalegea na ukungu unaota.

Ngozi ikiwasha, ikiwa nyekundu au ikitoa malengelenge, osha kwa maji mengi, acha vyote kwa pamoja, na uvitunze pamoja na maboksi yake: daktari wa ngozi ataihitaji ile orodha ya viambato ili kupima kipi kimehusika. Uvimbe wa midomo au kope unaoenea, au kupumua kwa shida, ni wa kukimbizwa hospitali hapohapo. Jicho likiwa jekundu lenye tongotongo, maskara na wanja vilivyotumika vinatupwa, na vipya visifunguliwe mpaka jicho lipone kabisa.