Kijiko Kimoja cha Maji ya Chumvi Ngamani

Betri yangu ya kwanza ya lithiamu haikuzama. Ilikufa ndani ya boti ya rimoti iliyoelea vizuri asubuhi nzima katika mkono wa bahari wa Kunduchi, ikarudi ufukweni kwa nguvu zake yenyewe, ikafutwa kwa kitambaa na kutiwa kwenye begi. Jioni ya siku iliyofuata, nilipofungua kifuniko ili niitoe betri na kuichaji, nilikuta ngamani, yaani chini kabisa tumboni mwa boti, maji yasiyozidi kijiko kimoja cha chakula. Ndani ya maji hayo kilikuwa kimelala kile kiunganishi kidogo cheupe cha kusawazishia seli, kimefanya ukoko wa kijani, na pini yake moja ilikuwa imeliwa hadi ikabaki kisiki. Seli mbili zilisoma volti 3.8 kila moja, na ya tatu ilisoma 2.4. Betri hiyo ilikuwa na umri wa wiki tatu.

Nakiri kwamba kuiacha betri ndani ya boti usiku kucha kulikuwa uzembe, na uzembe huo ulikuwa wangu. Hata hivyo, kilichonishangaza ni udogo wa maji yenyewe. Nilikuwa nimezoea kuogopa wimbi la kupindua boti, au kifuniko kung'oka katikati ya mwendo, yaani maji ya ghafla na mengi. Sikuwahi kufikiri kwamba kijiko kimoja kinaweza kufanya kazi yake polepole usiku, boti ikiwa juu ya rafu chumbani.

Maelezo yake si magumu. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na chumvi hiyo huyafanya maji yapitishe umeme mamia ya mara kuliko maji ya Ziwa Victoria, ndiyo maana wenzetu wa Mwanza husamehewa makosa ambayo sisi wa pwani hatusamehewi. Betri ya seli tatu hutoa volti 11.1 kwa wastani, na kiunganishi chake cha kusawazishia kina pini nne zilizopangwa kwa umbali wa milimita mbili na nusu tu kutoka moja hadi nyingine. Maji huanza kuchanganuliwa na umeme mara tu volti inapozidi 1.2 kidogo, kwa hiyo hata pini mbili za jirani zinatosha na kubaki. Pini iliyo upande chanya huyeyuka ndani ya maji ya chumvi huku ile ya upande hasi ikitoa vipovu, na muda wote huo seli inajimaliza. Kuzima swichi ya boti hakusaidii lolote, kwa sababu waya nyembamba za kiunganishi hicho hazipiti kwenye swichi. Zimeunganishwa na seli moja kwa moja, mchana na usiku.

Swali lililobaki lilikuwa maji yale yalipitia wapi. Boti ni ya faiba, urefu wa sentimita 60, na nilikuwa nimeiziba kwa bidii ambayo mke wangu aliiona kuwa ni maradhi: tepu ya plastiki kuzunguka kifuniko chote, silikoni kwenye kila tundu la waya, na mpira kwenye fimbo ya usukani. Niliipima kwa njia ya mafundi wa pancha. Nilipitisha mpira mwembamba ndani, nikapuliza taratibu kwa mdomo huku boti ikiwa imezamishwa kwenye beseni, nikatafuta vipovu. Kimoja kimoja vilitoka nyuma, kwenye bomba la shafti, ile fimbo inayozungusha propela, na hata hivyo ilinibidi nipulize hadi mashavu yaume. Nilijiuliza: ikiwa lazima nipulize namna hii ndipo hewa itoke, ni nguvu gani iliyoyasukuma maji kuingia, wakati bomba lenyewe liko sentimita tatu tu chini ya mstari wa maji?

Jibu nililetewa na jua. Nilikuwa na kawaida ya kuifunga boti nyumbani, nikaibeba, kisha nikaiweka juu ya mchanga wakati nikiandaa rimoti. Boti nyeusi iliyofungwa, ikikaa juani Dar es Salaam saa nne asubuhi, hewa ya tumboni mwake hufika nyuzi joto 50 bila shida. Hewa hiyo inapopanuka hutafuta njia, na sehemu yake hutoka kidogo kidogo kupitia palepale kwenye bomba la shafti. Kisha unaiweka boti kwenye maji ya nyuzi 28. Ndani ya dakika chache hewa iliyobaki inapoa na kusinyaa kwa karibu asilimia 7, na kama boti imezibwa kila mahali, mgandamizo wa ndani hushuka kwa kiasi kinacholingana na kina cha sentimita 70 za maji. Kwa maneno mengine, boti yangu iliyokuwa inaelea juu juu ilikuwa inanyonya maji kana kwamba shafti yake imezamishwa karibu hadi kiunoni mwa mtu mzima. Tumbo la boti hii lina lita tatu hivi za hewa. Asilimia 7 ya hapo ni zaidi ya mililita 200, karibu bilauri nzima, iwapo nafasi yote ingejazwa na maji. Mimi nilipata kijiko tu, na ninashuku kwamba tepu ilikuwa inavujisha hewa zaidi ya nilivyodhani, na kuvuja huko ndiko kulikoniokoa.

Kadiri nilivyoongeza kuziba, ndivyo nilivyokuwa naitengenezea boti pampu bora zaidi ya kuvuta maji. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo mwanzoni lilinikera moyoni: nilitoboa sitaha. Niliingiza kijibomba chembamba cha plastiki karibu na omo, yaani mbele ya boti, nikakipandisha sentimita 12 juu na kukipinda ncha ielekee chini kama mpini wa mwavuli, ili rasharasha isiingie. Tumbo la boti sasa linapumua kupitia hewani, na bomba la shafti halina tena sababu ya kuvuta. Kijibomba hichohicho kimebeba waya wa antena, jambo lililonipunguzia tundu moja, kwani rimoti za siku hizi hutumia masafa ya gigahezi 2.4 ambayo maji huyameza haraka, na antena iliyolala ngamani hupoteza mawasiliano mapema mno. Nikola Tesla alipoonyesha boti yake ya kuongozwa kwa redio mjini New York mwaka 1898, nayo ilikuwa na nguzo za antena zilizosimama juu ya sitaha. Tatizo la kupitisha waya kwenye sitaha bila kupitisha maji lina umri sawa na mchezo wenyewe.

Vilevile nimebadili utaratibu wa ufukweni. Boti hukaa kivulini, kisha huelea majini kwa dakika kama kumi kifuniko kikiwa wazi, nami nikiishika kwa kamba, hadi ipoe. Ndipo ninapokausha ukingo wa kifuniko na kubandika tepu, kwa sababu tepu iliyobandikwa juu ya chembe za mchanga au unyevu haina tofauti na kutobandika.

Kuhusu bomba la shafti lenyewe, kazi ya kuzuia maji hufanywa na grisi. Shafti yangu ina unene wa milimita nne nayo huzunguka ndani ya bomba la shaba, na uwazi uliopo kati ya viwili hivyo hujazwa grisi nzito isiyoyeyuka majini. Nililehemu kijibomba kidogo juu ya lile bomba kubwa, upande wa ndani ya boti, na kupitia hapo nasukuma grisi kwa bomba la sindano lisilo na sindano hadi niione ikichungulia nyuma kwenye propela. Nafanya hivyo kila nitokapo, hata kama boti imetembea dakika ishirini tu. Grisi inayotoka ikiwa nyeupe kama maziwa ni dalili kwamba maji yameshachanganyika nayo, na ikiwa na chembe zinazong'aa basi bomba linasagika. Anayejenga boti upya angefanya vyema kuhakikisha ncha ya ndani ya bomba inaishia juu ya mstari wa maji. Yangu ilinunuliwa ikiwa imeshajengwa, na aliyeijenga hakuliwaza hilo.

Wakati nikiwa bado katika vita vya silikoni na tepu, fundi mmoja mzee wa majahazi, anayefanya kazi zake pale pwani, alisimama kuniangalia nikiifuta boti. Kwa shikamoo nilimsalimu, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiki chombo chako ukitaka kukumba maji unakumbia wapi?" Nilimwambia kwamba hakina haja ya kukumbwa, yaani kutolewa maji, kwa kuwa maji hayaingii. Alicheka kwa adabu, akarudi kwenye kalafati yake, anapigilia pamba iliyolowa mafuta kati ya mbao kwa nyundo na patasi. Mtu aliyetia kalafati maisha yake yote, anayejua kupaka deheni na sifa, yale mafuta ya kulinda mbao za chombo, bado huacha ngama ikusanye maji mahali panapofikika, na mizigo huilaza juu ya mbao ili isiguse ngama. Mimi nilikuwa nimelaza betri, mzigo wa thamani kuliko yote, palepale ngamani, na kuifunga kwa utepe wa kunata ili isiweze kuyakimbia maji hata yakija.

Betri yangu sasa imekaa juu ya vijiti viwili vya plastiki vilivyogundishwa kwa epoksi, sentimita mbili kutoka chini, na waya zake za kusawazishia zimeelekezwa juu na kufungwa ubavuni. Kiunganishi cheupe nakivika kofia ya mpira iliyojazwa grisi ya silikoni. Sponji iliyokatwa kwa umbo la ngama inakaa nyuma, mahali maji yanapoanzia, na kila nirudipo naikamua juu ya kiganja. Nimezoea kukisia kwa jicho ni matone mangapi. Omoni na mbavuni nimejaza vipande vya lile povu jeupe gumu linalofungashiwa televisheni, jumla yake kama lita moja na nusu. Povu hilo halizuii maji kuingia, lakini linachukua nafasi ambayo maji yangeichukua, na boti yenye uzito wa kilo moja na nusu haiwezi kwenda chini ikiwa nalo. Nimeijaza maji makusudi kwenye pipa ili nihakikishe: ilibaki imenyanyua omo juu, betri ikiwa imeondolewa na tofali la uzito uleule limewekwa mahali pake.

Vifaa vya umeme havinipi hofu sana, ingawa maandishi ya kwenye maboksi yao yanapaswa kusomwa kwa uangalifu. Kifaa chenye alama ya IP67 kimepimwa kwa kuzamishwa hadi kina cha mita moja kwa dakika 30, na kipimo hicho ni cha maji yasiyo na chumvi, si ya bahari. Tena hakihusu viunganishi vinavyoning'inia nje yake. Risiva yangu, kifaa kinachopokea amri za rimoti, nimeipaka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye bodi yake, matabaka mawili, nikikwepa pini. Onyo moja kutoka kwa aliyeungua: silikoni ya madirisha yenye harufu ya siki isikaribie shaba wala lehemu. Harufu hiyo ni asidi inayotoka wakati silikoni inakauka, nayo hula waya kwa siri chini ya kile unachodhani ni ulinzi. Ipo silikoni isiyo na harufu hiyo, bei yake imezidi kidogo, na ndiyo ya kutumia.

Kama maji ya chumvi yameshaingia, kukausha peke yake hakutoshi, kwa sababu maji huondoka na chumvi hubaki, na siku ya unyevu chumvi hiyo huvuta maji kutoka hewani na kazi inaanza upya. Kwa hiyo mchele, ule ambao watu hufukia simu zilizolowa, hauna msaada wowote hapa, tuule. Kinachosaidia ni kuchomoa betri kwanza, kisha kusuuza kila kitu kwa maji mengi yasiyo na chumvi, na baadaye kwa spiriti, halafu kuacha vikauke kivulini mbele ya feni.

Betri yenyewe ina sheria zake. Ikilowa nje tu, naisuuza haraka, naifuta, napima kila seli, kisha naiweka nje ya nyumba ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga kwa siku mbili, mbali na mbao na mapazia, kwa kuwa betri ya lithiamu iliyoingiwa na chumvi inaweza kutulia saa nyingi ndipo ishike moto. Ikiwa imevimba, au seli yoyote imeshuka chini ya volti 3, siichaji tena, hata kama inaonekana nzima. Na kama mfuko wake umetoboka siinusi wala kuigusa kwa mikono mitupu, maana chumvi ya lithiamu iliyomo ikikutana na unyevu hutoa asidi ya haidrofloriki. Ile betri ya mwanzo niliimaliza umeme polepole kwa taa ya gari hadi ikafika sifuri, nikaitenga na takataka za jikoni.

Kilichobaki ni usukani. Fimbo yake hupita kwenye kijibomba kifupi kisicho na nafasi ya grisi ya kutosha, na wiki iliyopita nilichora mistari kwa kalamu ya wino unaoyeyuka kuzunguka kila kiungo ndani ya boti ili nione wino upi utachuruzika. Mistari yote ilirudi mizima, isipokuwa huo wa usukani, uliokuwa umefifia upande wa kulia peke yake. Sponji ilitoa matone manne. Jumamosi hii maji ni mafu, yaani kupwa na kujaa ni kudogo, na bahari itakuwa imetulia, kwa hiyo nitajaribu pete mbili za mpira badala ya moja.